Zoezi Lililopangwa Kesho: Costa Concordia na Abiria Wanaodharau Mazoezi ya Usalama

Jioni ya Ijumaa, 13 Januari 2012, meli ya kitalii Costa Concordia iliondoka katika bandari ya Civitavecchia, iliyo karibu na Roma, ikielekea Savona kaskazini mwa Italia. Ndani yake walikuwamo watu 4,229, yaani abiria 3,206 na wafanyakazi 1,023, na katika abiria hao zaidi ya 600 walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo pale Civitavecchia. Wageni hao wapya walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Zoezi lao lilikuwa limepangwa siku ya pili yake, na kwa kulipanga hivyo kampuni haikuvunja sheria, kwa kuwa Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, unaojulikana kwa kifupi chake SOLAS, uliruhusu wakati huo abiria wapya wafanyishwe zoezi ndani ya saa 24 tangu kupanda. Saa mbili na nusu hivi baada ya kuondoka, saa 3:45 usiku kwa saa za huko, meli iligonga miamba ya Le Scole kando ya kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa katika ajali hiyo, abiria 27 na wafanyakazi 5.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuwa ni kisa cha nahodha, na haki ipo. Francesco Schettino aliipitisha meli yenye urefu wa mita 290 karibu mno na kisiwa ili kuwapungia wenyeji salamu, akachelewa kuamuru watu waihame, akaondoka mwenyewe wakati abiria bado wamo ndani, na mwaka 2015 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16, hukumu iliyothibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya Italia mwaka 2017. Hapa, hata hivyo, kisa kinachambuliwa kwa upande wa abiria, na hasa kwa upande wa jambo moja ambalo abiria wengi wa meli za kitalii hulichukia kuliko foleni ya kupandia meli: zoezi la usalama la lazima. Hoja yangu ni kwamba dharau ya abiria kwa zoezi hilo haitokani na uvivu wao peke yao. Kwa sehemu kubwa abiria huiga namna meli yenyewe inavyolichukulia zoezi, na usiku ule wa Giglio ulionyesha gharama ya mazoea hayo, ingawa si kwa njia ambayo watu wengi huidhania.

Ni vyema kwanza kueleza zoezi lenyewe likoje kwa utaratibu wake wa zamani, kabla ya mabadiliko yatakayoelezwa mbele, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kupanda meli za aina hii. Kila abiria hupewa kadi ya chumba, na juu yake, pamoja na jina lake na namba nyingine, huchapishwa herufi au namba ya kituo cha kukusanyikia. Zoezi linapoanza, king'ora na honi ya meli hutoa milio 7 mifupi au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu, ambayo ndiyo ishara ya dharura kuu duniani kote. Abiria hutakiwa kuacha walichokuwa wakifanya, kufuata mishale ya njia za dharura, na kufika kituoni mwao, ambapo mfanyakazi mwenye jaketi la rangi kali na bango lenye herufi ya kituo huwapanga mistari na kuhakiki majina. Kisha huonyeshwa namna ya kuvaa jaketi okozi: kamba ipite wapi, ibane kiasi gani, filimbi iko upande gani, na ile taa ndogo inayowaka yenyewe ikiguswa na maji. Shughuli yote haizidi nusu saa. Katika nusu saa hiyo baa hufungwa, huduma husimama, na watu ambao asubuhi walikuwa kwenye ndege na mchana kwenye foleni husimamishwa tena juani wakiwa wamebanana bega kwa bega.

Manung'uniko basi ni ya kutegemewa. Wapo wanaofika na glasi mkononi. Wapo wanaoongea muda wote na kuwanyima walio nyuma yao nafasi ya kusikia, na wapo wanaojificha bafuni hadi mfanyakazi agonge mlango. Kundi gumu kuliko yote ni la wasafiri wa muda mrefu, waliokwisha panda meli nyingi kiasi kwamba wanaweza kuyasoma maelezo kwa moyo kabla ya msemaji. Hoja yao ina uzito wake: jaketi ni lile lile, milio ni ile ile. Wanachosahau ni kwamba kituo cha kukusanyikia hubadilika kwa kila meli na kwa kila chumba, na kwamba njia ya kutoka mgahawani hadi kituoni katika meli hii haifanani na ile ya mwaka jana. Mtu aliyefanya mazoezi kumi katika meli kumi anajua kufunga jaketi, lakini ndani ya meli ya kumi na moja ni mgeni kama mwenzake aliyepanda mara ya kwanza.

Kampuni nazo zimechangia. Zinauza starehe na kumbukumbu za familia, na kila dakika ambayo abiria yuko kituoni ni dakika ambayo hanunui kinywaji wala hapigi picha. Kwa hiyo zoezi hutangazwa kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba ni usumbufu uliolazimishwa na serikali, na msemaji huahidi kuwa likiisha tu sherehe itaanza. Abiria husikia vizuri sana kilichomo ndani ya ahadi hiyo. Kanuni ya saa 24 ilisema jambo hilo hilo kwa lugha ya kisheria: kwamba meli inaweza kuingia bahari kuu usiku, ikiwa imebeba mamia ya watu wasiojua waelekee wapi, na mambo yakawa sawa kwa kuwa kesho yake wataelezwa.

Katika safari ya Concordia jambo hili lilikuwa na sura ya pekee kutokana na namna biashara ya meli za Mediterania inavyoendeshwa. Meli inayotoka Miami huwapakia abiria wake wote siku moja na kuwashusha wote siku moja, kwa hiyo zoezi moja hutosha. Concordia ilikuwa ikizunguka bahari kwa duara la wiki nzima, ikipokea abiria wapya katika bandari kadhaa za duara hilo, kiasi kwamba kila usiku ndani ya meli kulikuwa na walioko siku yao ya kwanza, walioko siku ya nne na walioko siku ya mwisho. Kufanya zoezi kwa kila bandari kulionekana ni kuisumbua meli kila siku kwa ajili ya wachache, na kanuni ikatoa nafasi ya kulikusanya kwa wakati unaofaa. Hivyo watu waliopanda Civitavecchia waliketi mezani kula chakula chao cha kwanza cha usiku wakiwa wameelekezwa mahali pa kula, mahali pa michezo ya watoto na ukumbi wa maonyesho, ilhali mahali pa kukimbilia kulisubiri kesho.

Mgongano ulipasua ubavu wa kushoto wa meli kwa urefu unaozidi mita 50. Maji yakaingia katika sehemu 5 zilizotengwa kwa kuta zisizopitisha maji, wakati meli ilikuwa imeundwa kuhimili kufurika kwa sehemu 2 zinazopakana. Vyumba vya injini na jenereta vikafurika, umeme ukakatika, na jenereta ya dharura ikashindwa kufanya kazi ipasavyo. Migahawani sahani ziliteleza na kuanguka, taa zikazimika na kurudi hafifu. Tangazo la kwanza lililowafikia abiria lilisema kwamba kuna hitilafu ya umeme na hali imedhibitiwa. Tangazo hilo likarudiwa, kwa lugha mbalimbali, huku meli ikizidi kulala.

Wakati huo ndio wa kuutazama kwa makini, yaani ile saa moja na dakika kidogo kati ya mgongano wa saa 3:45 na amri ya kuihama meli iliyotolewa saa 4:54. King'ora cha dharura kuu, ile milio saba na mmoja mrefu, hakikulia hadi saa 4:33. Kwa dakika 48 meli iliyokuwa ikizama haikutoa ishara ambayo abiria waliofanya zoezi walikuwa wamefundishwa kuisubiri. Na bado watu hawakubaki walipo. Walionusurika walisimulia, na picha za simu zilithibitisha, kwamba abiria wengi walishuka vyumbani kuchukua majaketi, wakapanda hadi sitaha ya 4 zilikokuwa boti za uokozi, na kusimama pale kwa hiari yao. Katika picha moja iliyorushwa na vyombo vya habari baadaye, mfanyakazi wa meli anasikika akiwaeleza abiria waliokwisha vaa majaketi kwamba tatizo la umeme limeshughulikiwa na kwamba warudi vyumbani. Mfanyakazi yule hakuwa mwongo. Alikuwa akirudia alichoambiwa na wakubwa wake, na wakubwa wake walikuwa wakirudia kilichotoka katika chumba cha usukani.

Walinzi wa pwani wa Italia nao hawakuipata habari kutoka melini. Abiria alimpigia simu ndugu yake aliyeko mji wa Prato, ndugu akawapigia polisi, polisi wakawaarifu walinzi wa pwani, na walinzi wa pwani walipoita meli kwa redio wakajibiwa kwamba ni hitilafu ya umeme tu. Afisa aliyekuwa upande wa pili wa redio alikuwa amekwisha ambiwa na polisi kuwa abiria wameamriwa kuvaa majaketi okozi, na swali lake lilikuwa jepesi: hitilafu ya umeme inamhitaji nani avae jaketi?

Kwa hiyo yeyote anayekitumia kisa hiki kudai kwamba abiria walikufa kwa kukosa zoezi anakivuta kisa mahali ambapo hakiendi. Kiini cha vifo kilikuwa kuchelewa. Mkataba wa SOLAS unataka boti zote ziweze kushushwa ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli itolewe, watu wakiwa wamekwisha kusanyika na kuvaa majaketi, na unataka mitambo ya kushushia ifanye kazi hata meli ikiwa imeinama hadi nyuzi 20. Hesabu hiyo yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba amri itolewe meli ikiwa bado imesimama. Saa 4:54 upepo ulikuwa umeirudisha Concordia hadi kwenye mwamba wa pwani karibu na bandari ya Giglio, nayo ilikuwa inaendelea kulalia ubavu wake wa kulia. Boti za kushoto ziliparuza kwenye ubavu wa meli badala ya kuning'inia juu ya maji, baadhi zikashindwa kabisa kushuka, na watu waliokuwa wakizisubiri wakaelekezwa wavuke kwenda upande wa pili. Kuvuka huko kulipitia ndani ya meli, katika korido zilizokuwa zimegeuka miteremko na kumbi zilizokuwa zinageuka visima, na miili mingi ilipatikana huko huko ndani. Mamia ya wengine waliokolewa kwa kushuka kwa ngazi ya kamba juu ya ubavu uliolala, mmoja baada ya mwingine, gizani, hadi alfajiri.

Zoezi basi lingesaidia nini? Lingesaidia katika zile dakika 48. Abiria aliyekwisha kufika kituoni mwake mchana, akauona mlango, akazihesabu ngazi na kuiona boti iliyoning'inia juu ya kichwa chake, ana kitu cha kupimia tangazo. Anaposikia kwamba ni umeme tu, na miguu yake inamwambia kwamba sakafu imeinama, ana mahali pa kwenda ambapo si kurudi chumbani wala si kukimbia ovyo. Asiyefanya zoezi ana njia mbili tu, kulitii tangazo au kulifuata kundi. Faida hii haimo katika maelezo ya zoezi lolote nililowahi kulisoma, kwa sababu hakuna kampuni itakayowaambia abiria wake kwamba wanafundishwa njia ili siku moja wasimsubiri nahodha. Lakini ndiyo faida iliyoonekana, na mimi naiona kubwa kuliko ujuzi wa kufunga kamba za jaketi, ambao mtu aliye karibu nawe anaweza kukusaidia kwa nusu dakika.

Kisa kilifichua pia kwamba zoezi lenyewe, hata kwa waliolifanya, lilikuwa limeacha pengo. Mazoezi ya wakati ule yalizoea kumchukulia abiria kuwa anaanzia chumbani, jaketi likiwa kabatini, taa zikiwaka na sakafu ikiwa sawa. Ajali ilitokea wakati watu wakiwa mezani na ukumbini. Majaketi yalikuwa vyumbani, katika sitaha za juu na za chini, na maelfu ya watu wakaanza kupishana ngazini katika giza, hawa wakishuka kuyafuata na wale wakipanda nayo. Mtu aliyelisikiliza zoezi kwa makini hakuwa na jibu la swali la kwanza kabisa ambalo angeliuliza usiku ule: nirudi chumbani kuchukua jaketi, au niende kituoni bila jaketi?

Upande wa wafanyakazi ulikuwa na pengo jingine, na hili haliwahusu abiria ila wao ndio waliolilipia. Taarifa rasmi ya uchunguzi ya Italia, iliyotolewa mwaka 2013, iliweka uzembe wa binadamu kuwa chanzo cha ajali, lakini pia ilitaja udhaifu katika mgawanyo wa majukumu ya dharura na katika lugha. Lugha ya kazi melini ilikuwa Kiitaliano, wakati wafanyakazi walitoka mataifa mengi na si wote waliokielewa vizuri. Hata mshika usukani, raia wa Indonesia, alikosea kupokea amri kadhaa katika dakika za mwisho kabla ya mgongano. Mhudumu wa mgahawa au mfanya usafi wa vyumba ndiye anayesimama na bango kituoni siku ya zoezi, na ndiye anayetarajiwa kuongoza boti au kundi siku ya ajali. Watu wa pwani ya Mombasa na Unguja, ambako meli hizi hutia nanga kwa msimu, huenda wamewahi kuona boti za rangi ya chungwa zikishushwa tupu, zikizunguka bandarini na kupandishwa tena bila kumchukua mtu. Hayo ni mazoezi ya wafanyakazi, na abiria aliyekwenda mjini kununua kanga na viungo hajui hata kama yamefanyika.

Mabadiliko yalikuja upesi kuliko kawaida ya sekta hii. Tarehe 9 Februari 2012, kabla hata mwezi mmoja haujatimia, vyama vikubwa vya kampuni za meli za kitalii vilitangaza kwamba wanachama wao wangefanya zoezi la abiria wapya kabla ya meli kuondoka bandarini. Baadaye mwaka huo vikaafikiana juu ya mambo 12 ambayo kila zoezi lazima lieleze, na miongoni mwake mojawapo ni lile swali la Concordia: iwapo abiria anapaswa kurudi chumbani kabla ya kwenda kituoni au la. Likaongezwa pia sharti la kubeba majaketi ya ziada nje ya vyumba, ili asiyekuwa chumbani asilazimike kuyafuata. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao yake London, likapitisha rekebisho la SOLAS mwezi Juni 2013, na kuanzia 1 Januari 2015 ikawa sheria kwamba abiria wapya wakusanywe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zile saa 24 zikafutwa.

Wiki sita tu baada ya Giglio, meli nyingine ya kampuni iliyomiliki Concordia, Costa Allegra, iliungua katika chumba cha jenereta ikiwa katika Bahari ya Hindi, njiani kutoka Madagaska kwenda Ushelisheli. Ilikuwa 27 Februari 2012, na ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,000. Moto ulizimwa, lakini meli ikabaki bila umeme wala injini na ikavutwa na meli ya uvuvi ya Ufaransa hadi Mahé, ambako ilifika 1 Machi. Hakuna aliyekufa. Visa hivi viwili havilingani kwa hatari, maana meli inayoelea bila umeme si sawa na meli inayolala ubavu, na si haki kusema kwamba zoezi ndilo lililotenganisha matokeo yao. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba king'ora kililia, abiria wakaenda vituoni wakiwa na majaketi, na walikaa humo wakihesabiwa hadi ilipojulikana kuwa moto umezimika. Hivyo ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi usiku ambao nahodha anauruhusu ufanye kazi.

Je, mtazamo wa abiria ulibadilika? Kwa miezi kadhaa, ndiyo. Baada ya picha za meli kubwa iliyolala kando ya kijiji cha wavuvi kuzunguka dunia, abiria walinyamaza vituoni na kuuliza maswali. Kisha mazoea yakarudi. Kampuni zilizidi kuwa kali, na imewahi kutokea abiria aliyekataa katakata kushiriki akashushwa na mizigo yake kabla ya meli kuondoka, jambo ambalo masharti ya tiketi huliruhusu waziwazi. Kumshusha mtu mmoja kunawatia wengine adabu ya kuhudhuria. Lakini hakuwafanyi wasikilize, na mtu aliyekuja kwa kuogopa kushushwa husimama pale akiitazama saa.

Ukurasa mpya ulifunguliwa na janga la korona, lililofanya mkusanyiko wa watu mamia mahali pamoja uwe hatari kuliko kile ambacho mkusanyiko ulikusudiwa kukizuia. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza utaratibu uitwao Muster 2.0, ambao ilikuwa imeujaribu mwanzoni mwa mwaka huo. Abiria hutazama maelezo kwenye simu yake au kwenye televisheni ya chumbani kwa wakati anaoutaka, kisha hupita kituoni mwake peke yake au na familia yake, mfanyakazi huhakiki kwamba amefika, humjibu maswali, na kazi huwa imekwisha. Kampuni nyingine zikafuata nyayo kwa namna zao. Abiria waliupokea utaratibu huu kwa furaha ambayo hakuna zoezi la usalama lililowahi kuipata, na wengi husema wazi kwamba hawataki kurudi kwenye ule wa zamani.

Nadhani furaha hiyo ina sababu njema na sababu mbaya kwa pamoja. Sababu njema ni kwamba abiria hufika kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akiwa ameitafuta njia badala ya kusombwa na kundi, na kutafuta njia ndicho kitu hasa kilichowakosekania watu wa Civitavecchia. Kwa kipimo cha zile dakika 48, abiria aliyefuata mishale peke yake mchana mmoja amejifunza zaidi ya yule aliyefuata kisogo cha mtu wa mbele yake. Maelezo ya simu pia huweza kusikilizwa katika lugha ya abiria bila kelele za jirani. Sababu mbaya ni kwamba picha huweza kuachwa icheze mezani huku mwenye simu akipanga nguo kabatini, na hakuna awezaye kujua. Tena kituo kinachotembelewa na watu wanne kwa wakati mmoja hakimwonyeshi mtu jinsi mlango ule ule unavyokuwa watu mia mbili wanapoufikia pamoja, wengine wakiwa na vigari vya watoto na wengine na mikongojo.

Wanaopoteza zaidi ni wafanyakazi. Zoezi la zamani, pamoja na kero zake zote, liliwapa nafasi ya kushika kundi halisi la wageni wachovu, wanaozungumza lugha tano, ambao nusu yao hawasikilizi. Mazoezi yao ya kila wiki huwakutanisha wao kwa wao, watu wenye sare na wenye kujua kinachofuata. Mhudumu aliyejiunga na meli mwezi uliopita anaweza leo kumaliza mkataba wake mzima pasipo kusimama hata mara moja mbele ya abiria mia moja na kupaza sauti wamsikie. Kampuni zikiutaka utaratibu mpya udumu, na zitautaka, kwa sababu unawapendeza wateja na hauzifungi baa, basi zinalo deni la kuwatafutia wafanyakazi mahali pengine pa kujifunzia kazi hiyo, hata ikibidi kila safari litolewe kundi moja la abiria waliojitolea.

Kuhusu meli za duara la Mediterania, ambazo ndizo zilizoleta mjadala wote huu, kanuni ya sasa huzilazimu kufanya zoezi katika kila bandari inayopandisha watu. Ndani ya meli hizo milio saba na mmoja mrefu husikika karibu kila jioni, pamoja na tangazo kwamba waliokwisha fanya zoezi hawahusiki. Abiria wa siku ya tano hawainui hata macho kutoka kwenye sahani zao, nao hulalamika kwamba likizo yao imejaa ving'ora. Kwa meli hizo utaratibu wa simu unafaa kuliko kwa nyingine zozote, kwa sababu humfuata kila mgeni mpya na kuuacha mlio mkuu usikike kwa nadra, kiasi cha mtu kushtuka anapousikia. Kwa upande mwingine, ukaguzi wa kituoni katika meli hizo lazima ukamilike kabla kamba za bandarini hazijafunguliwa, hata kama abiria mmoja aliyechelewa bado yuko kwenye foleni ya mgahawa na itabidi afuatwe huko.